Usimpige Jiwe Mlinzi wa Shamba Lako

Kila mtu afugaye kuku hapa Kililana ameliona jambo hili. Ni asubuhi, jua halijawa kali. Kuku yuko uani na vifaranga wake, wanaparura vumbi. Mara kivuli kinapita juu ya ardhi. Kuku anapiga kelele, vifaranga wanatawanyika, na kabla hujaufikia mlango ndege ameshapaa na kifaranga mmoja. Wewe unashika jiwe, au unamwita kijana alete manati, na unaapa kwamba ndege yeyote mwenye kucha zilizopinda atakayetua katika shamba lako hataondoka.

Hasira yako ni ya haki. Kifaranga ni mali. Leo ni kifaranga, kesho ni mayai, keshokutwa ni daftari na viatu vya mtoto. Wala hakuna ofisi itakayokulipa kifaranga aliyechukuliwa na mwewe. Basi hatuji kukuambia kwamba hasara hiyo si kitu. Tunaloomba ni kwamba umjue adui kabla ya kumpiga. Kwa maana mara nyingi jiwe lililokusudiwa mwizi humwangukia mlinzi, na sumu iliyokusudiwa fisi humfikia asiyehusika, hata mwenye kuitega.

WEZI NI WACHACHE

Kenya ina aina zipatazo 100 za ndege wala nyama, ukiwahesabu na bundi. Wote wana midomo iliyopinda na kucha kali, na kwa sababu hiyo watu huwatia wote katika kapu moja. Lakini watazame kwa makini, utaona kila mmoja ana kazi yake.

Mwewe unamjua. Mkia wake umegawanyika kidogo mwishoni, naye huzunguka juu ya nyumba na juu ya diko akitafuta matumbo ya samaki na mizoga. Huyu huchukua kifaranga akipata nafasi. Kipanga na kozi nao baadhi yao huchukua, kwa kuwa desturi yao ni kukamata ndege wadogo. Hao ndio wezi wako.

Sasa watazame wengine. Tai wa nyoka hukaa kimya juu ya tawi saa nyingi, macho yake chini. Anamngoja nyoka, yule yule unayemwogopa unapoinama kupalilia ufuta. Furukombe, aitwaye pia kwazi, mwenye kichwa cheupe na sauti inayosikika mbali, chakula chake ni samaki. Hana haja na kuku wako. Tumbusi hana nguvu ya miguu ya kuua mnyama. Huja tu mnyama akiisha kufa. Na bundi hutoka usiku, wakati vifaranga wako wamefungiwa ndani, kama umewafungia.

Hata mwizi mwenyewe, dawa yake si jiwe. Ukimwua mwewe mmoja leo, mwingine atachukua mahali pake kesho, kwa kuwa chakula bado kimeachwa wazi. Dawa ni kuwatunza vifaranga ndani ya tenga au banda kwa wiki sita hadi nane za kwanza. Wavu mkuukuu wa uvuvi, usiofaa tena baharini, ukitandazwa juu ya miti minne hutosha kulifunika eneo la kulishia. Na ukipanda migomba au vichaka vifupi karibu na ua, kuku atapata mahali pa kukimbilia na vifaranga wake. Kazi hiyo ni ya siku moja tu.

BUNDI NA GHALA LA MAHINDI

Wako wasemao kwamba bundi akilia juu ya paa ni uchuro, na kwamba atakuja mtu kufa katika nyumba hiyo. Tunaheshimu mambo ya wazee, lakini tujiulize: bundi hufuata nini kwenye nyumba ya mkulima? Hufuata panya. Na panya hufuata nini? Hufuata mahindi yako. Basi bundi akilia juu ya ghala lako, habari anayoleta ni kwamba una panya.

Bundi mweupe wa usoni, ambaye hupenda kukaa katika mapaa na magofu, aweza kula panya watatu au wanne kwa usiku mmoja. Akiwa na makinda huwinda zaidi. Na panya wa mashamba wa Afrika Mashariki si adui mdogo: jike mmoja aweza kuzaa watoto 10 au zaidi kwa mkupuo mmoja. Yeye ndiye hufukua mbegu ya mahindi siku uliyoipanda, kisha huja tena ghalani baada ya mavuno.

Wakulima wa nchi nyingine wamemfanya bundi kuwa kibarua wao. Katika Israeli, tangu mwaka 1983, wakulima wametundika masanduku ya mbao mashambani ili bundi wazalie humo, na mwaka 2002 wakulima wa Jordan nao wakaingia katika kazi hiyo. Malaysia wamefanya vivyo katika mashamba ya michikichi. Na hapa hapa Kenya, katika sehemu za juu za Nyeri, mahali ambapo bundi wakubwa walikuwa wakiuawa kwa hofu, wako wakulima ambao siku hizi huwaonyesha wageni bundi hao kwa malipo.

Lakini tuseme kweli yote. Watafiti waliofanya majaribio katika mashamba ya mahindi ya Morogoro, Tanzania, waliweka vitulio na masanduku ili kuwavuta ndege wala nyama. Waliona kwamba ndege peke yao hawatoshi kuwashinda panya wakati wanapofurika. Kwa hiyo asije mtu akakuambia kwamba bundi mmoja atakumalizia kazi. Hapana budi ufyeke majani kandokando ya shamba, usichelewe kuvuna, na uinue ghala juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati. Bundi ni msaidizi, naye msaidizi hafukuzwi kwa kuwa hawezi kufanya kazi zote.

Jambo moja zaidi kuhusu panya. Sumu nyingi za panya zinazouzwa siku hizi hazimwui papo hapo. Panya huila leo, kisha hutangatanga siku kadhaa akiwa mlegevu, na panya mlegevu ndiye wa kwanza kukamatwa na bundi. Hivyo ukitumia sumu bila uangalifu, unamwua bundi aliyekuwa akikusaidia, na panya waliobaki wanazaliana bila wa kuwatisha. Tumia mitego kwanza. Ikiwa ni lazima kutumia sumu, iweke ndani ya nyumba mahali palipofunikwa, kisha tafuta panya waliokufa kila asubuhi na uwafukie.

SUMU KWENYE MZOGA

Sasa tuje kwenye jambo zito kuliko yote. Sisi tuishio karibu na misitu ya bara ya Lamu twajua hasara ya wanyama wakali. Mbuzi akiuawa usiku, mwenye mbuzi hutafuta dawa kali ya wadudu, huitia katika mzoga na kuuacha kichakani ili fisi au simba arudi kuula. Mwaka 2009, baada ya malalamiko mengi kwamba dawa ya wadudu iitwayo Furadan ilikuwa ikitumiwa kuua simba, dawa hiyo iliondolewa na watengenezaji katika maduka ya Kenya. Lakini desturi ya kutega sumu haikuondoka pamoja nayo.

Fisi aweza asirudi. Tumbusi hakosi. Tumbusi mmoja aweza kuruka zaidi ya kilomita 100 kwa siku, na mmoja akishuka wengine humwona toka mbali na kushuka pia. Mzoga mmoja wenye sumu waweza kuua makumi yao kwa asubuhi moja. Pamoja nao hufa yule tai mwenye mkia mfupi, uso mwekundu na miguu myekundu, ambaye hupenda kuokota mizoga midogo. Mwaka 2020 tai huyo aliingizwa katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka. Kabla yake, Oktoba 2015, aina nne za tumbusi wa Afrika ziliwekwa katika daraja la hatari kubwa kuliko zote. Na mwaka 2024 wataalamu waliochunguza aina 42 za ndege wala nyama wa Afrika walitangaza kwamba asilimia 88 ya aina hizo zimepungua.

Tumbusi huzaa yai moja tu kwa msimu. Ng'ombe wako akifa, mwakani waweza kupata ndama. Tumbusi 50 wakifa, mtoto wako atakuwa mtu mzima kabla idadi yao haijarudi.

“Na wakiisha, mimi nimepoteza nini?” utauliza. Uliza habari za India. Kuanzia miaka ya 1990 tumbusi wa huko walianza kufa, na hakuna aliyejua sababu. Mwaka 2004 ikajulikana: ng'ombe walikuwa wakitibiwa kwa dawa ya maumivu iitwayo diklofenaki, na tumbusi aliyekula mzoga wa ng'ombe aliyetibiwa hivyo alikufa. Serikali ya India ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, lakini kufikia mwaka 2007 zaidi ya asilimia 99 ya tumbusi wa aina moja walikuwa wameisha. Mizoga ikaoza mashambani na kando ya maji. Mbwa koko wakaongezeka, na pamoja nao hatari ya kichaa cha mbwa. Wachumi wawili walikadiria mwaka 2024 kwamba watu wapatao 500,000 walikufa kati ya mwaka 2000 na 2005 kwa madhara yaliyotokana na kupotea kwa ndege hao.

Hapa kwetu, katika Laikipia, watafiti waliweka mizoga mahali tumbusi wasipoifikia. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba mizoga hiyo ilichukua muda wa karibu mara tatu kumalizika, na wanyama waliokusanyika penye mizoga waliongezeka mara tatu, wakikaribiana na kuweza kuambukizana maradhi. Ndipo tunasema tumbusi ni bwana afya asiyelipwa mshahara.

Tena sumu haichagui. Mvua ikinyesha huingia kisimani. Mbwa wako huila. Mtoto huokota nyama asiyoijua. Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mtega sumu ni hivyo hivyo.

KIJIJI KILICHOGEUKA KWA MWAKA MMOJA

Huenda ukasema kwamba watu hawabadiliki. Basi sikiliza habari ya ndege ambaye hupita juu ya nchi yetu kila mwaka.

Kati ya Novemba na Desemba, upepo wa kaskazi unapoanza na mvua za vuli zikiwa bado zinanyesha, hupita Kenya makundi ya kozi wadogo wenye miguu myekundu. Uzito wa mmoja haufiki robo kilo. Huitwa kozi wa Amur, kwa jina la mto wa Asia ya mashariki, maana huko ndiko wanakozalia. Kumbikumbi wakitoka baada ya mvua, kozi hawa huwala hewani kwa wingi sana. Kisha huendelea na safari yao mpaka kusini mwa Afrika.

Wakiwa njiani hutua Nagaland, katika India ya kaskazini-mashariki, karibu na ziwa la bwawa la Doyang. Mwaka 2012 watu wa vijiji vya huko, wengi wao wavuvi, waliwatega kwa nyavu maelfu kwa maelfu kila siku na kuwauza kwa kitoweo. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa maskini, na ndege walikuwa wengi mno hata haikuonekana kwamba waweza kuisha.

Habari zilipoenea, serikali haikutegemea askari peke yao. Maafisa wa misitu walikwenda vijijini pamoja na watu wa hifadhi, wakakaa na mabaraza ya wazee na viongozi wa makanisa. Shuleni vikaanzishwa vyama vya watoto vya kujifunza habari za ndege. Mabaraza yenyewe yakapiga marufuku utegaji. Msimu wa mwaka 2013 ulipofika, hapakuwa na taarifa ya kozi hata mmoja aliyenaswa kwa nyavu hizo. Novemba mwaka huo wataalamu waliwafunga kozi watatu vyombo vidogo vya kufuatia safari zao, wakawapa majina ya huko: Naga, Wokha na Pangti, ambalo ni jina la kijiji kimojawapo kilichokuwa kikiwatega. Kozi hao walivuka bahari mchana na usiku bila kutua, wakaja pande hizi za Afrika Mashariki katika safari yao ya kusini. Baadhi ya wanakijiji sasa hupata fedha kwa kuwapokea wageni wanaokuja kutazama ndege.

Ndugu Mkulima, angalia lililowageuza watu wale. Sheria ya kulinda ndege ilikuwako tangu zamani. Kilichokuwa kipya ni kwamba waliambiwa mambo kwa adabu, katika baraza lao wenyewe, na uamuzi ukawa wao.

BWANA MISITU NA WEWE

Kenya imekuwa ikifundisha maafisa wa misitu katika chuo cha Londiani tangu mwaka 1957. Kazi yao ya kwanza ilikuwa miti: kupanda, kupima, kukata na kuzima moto. Siku hizi Bwana Misitu, na wako mabibi wengi pia, yampasa ajue na viumbe wanaokaa katika miti hiyo. Yafaa ajue kiota cha tai kabla ya kutoa ruhusa ya kukata mti. Yafaa ajue pia la kufanya akikuta ndege wengi wamekufa mahali pamoja. Shirika la The Peregrine Fund na wenzake wamekuwa wakitoa mafunzo ya namna hiyo kwa askari wa wanyamapori na walinzi wa vijiji: kuzuia watu na mifugo wasikaribie, kuvaa glavu, kuhesabu waliokufa, kuchukua vipande vya kupimwa, kisha kuteketeza mizoga ili sumu isiendelee kuua.

Lakini afisa mmoja hawezi kulala chini ya kila mbuyu. Sehemu kubwa ya mikoko ya Kenya iko hapa Lamu, na nyuma yake ni msitu na mashamba mpaka Boni na Dodori. Na Kililana ya leo si ile ya zamani. Gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa Mei 2021. Barabara zimekuja, nyaya za umeme zimekuja, na miti mikubwa imeanguka kwa ajili ya ujenzi, makaa na mashamba mapya. Tai wengi hurudia kiota kile kile mwaka hata mwaka. Mti ukikatwa, hawahamii mche wa mkorosho.

Ndiyo maana miti mirefu iliyobaki, mingi yao, haiko mikononi mwa Bwana Misitu. Iko katika ekari zako. Ule mkwaju uliouacha mpakani, ule mbuyu usiokuwa na kazi, ndio nyumba ya mlinzi wako. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inawaruhusu wananchi kuunda vyama vya kushirikiana na serikali katika kutunza misitu. Na katika vyama hivyo mkulima anaweza kumfundisha afisa, maana wewe ndiwe unayejua ni mti gani una kiota.

MAMBO YA KUFANYA

1. Wafungie vifaranga wiki sita hadi nane za kwanza, na ufunike eneo la kulishia kwa wavu.

2. Acha miti mikubwa michache shambani, hasa ya mpakani. Mti wenye kiota usikatwe wala usipandwe wakati makinda yangali ndani.

3. Usitie sumu katika mzoga kwa sababu yoyote. Imarisha zizi kwa miiba na taa, na mbuzi walale ndani.

4. Mnyama mkali akikuletea hasara, piga ripoti kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inatoa njia ya kudai fidia ya mifugo na mazao yaliyoharibiwa na wanyama iliowataja, kama simba, fisi, nyati na tembo. Malipo hayo mara nyingi yamechelewa, hilo halifichiki. Lakini asiyeandikisha hasara yake hana la kudai.

5. Ukikuta ndege au wanyama waliokufa pamoja, usiguse. Zuia watoto na mbwa, kisha mwarifu chifu, KWS au ofisi ya misitu mara moja.

6. Wafundishe watoto majina ya ndege hawa na kazi ya kila mmoja. Kijana anayemjua ndege hatampiga manati ovyo.

NENO LA MWISHO

Hakuna askari atakayesimama uani kwako jiwe likiwa mkononi. Uamuzi ni wako. Kifaranga uliyempoteza leo unaweza kumlinda kesho kwa kipande cha wavu. Lakini tai wa nyoka aliyefukuzwa mkwajuni kwake, na tumbusi waliokufa kwa mzoga mmoja, hutawarudisha kwa fedha wala kwa majuto.

Basi katika baraza lijalo, baada ya kuzungumza habari za mbegu na barabara, simama uulize swali moja: “Sisi wa Kililana tumekubaliana nini juu ya sumu?” Kama jibu ni kwamba hamjakubaliana lolote, hapo ndipo pa kuanzia.